Kwa Nini Kompyuta Husita Kabla ya Kulala

Enzi ambazo kompyuta haikujua kulala, ila kuwaka na kuzimika tu, ndani yake waliishi mke na mume. Siwema alipiga hesabu. Makame alikuwa tarishi: kila namba iliyotoka mkononi mwa mkewe aliipeleka kwenye chumba chake, na kila chumba kilikuwa na anwani.

Mafundi waliongeza vyumba, safu nyuma ya safu. Lakini Makame alikuwa amefundishwa anwani fupi tu, na chumba asichoweza kukitaja hakuweza kukifikia. Vyumba vipya vikabaki vitupu, vya zamani vikafurika. Siwema alimtania kwamba ameolewa na mwenye majumba anayelala barazani.

Kilichowekwa vyumbani kilidumu maadamu umeme upo. Kando palikuwa na ghala, na kilichoandikwa humo kilibaki hata giza likiingia. Makame aliumbwa kwa chuma, giza halikumdhuru. Siwema aliishi vyumbani. Ghalani palikuwa na nakala yake moja, ya siku aliyoumbwa. Na desturi yao ilikuwa kwamba ghalani huingia kazi iliyokamilika. Kupeleka nusu ilikuwa aibu.

Siku moja, Siwema akiwa katikati ya hesabu ndefu kuliko zote, taa zilianza kufifia. Alimwomba mumewe aandike ghalani kila kitu: namba, mahali alipofika, hata alichokuwa akikiwaza.

"Kazi mbichi haiingii ghalani, mke wangu," Makame alisema. "Maliza kwanza."

"Na nisipomaliza?"

Makame alikuwa na mzigo mkononi, akaenda kuufikisha kwanza. Umeme ukakatika.

Uliporudi, vyumba vyote vilikuwa vitupu. Kutoka ghalani akaja Siwema, kama alivyokuwa siku ya kwanza. Alimtazama Makame, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba. Wewe ndiye tarishi wa hapa?"

"Marahaba," Makame alisema. "Ndimi."

Na tangu siku hiyo, mkiifunika kompyuta, au chaji ikikaribia kwisha, haizimiki papo hapo. Husita kidogo. Ni Makame huyo, anabeba kila kitu kupeleka ghalani, hata neno lililokatishwa. Mafundi walikuja kumfundisha anwani ndefu, na vyumba vimemtosha. Lakini Makame hamngoji tena mtu amalize. Wanaoamka humo huendelea pale pale walipoachia, wala hawajui kwamba palikuwa na giza.