Fundi Aliyeongeza Wino Mwekundu

Fundi mmoja wa picha, Ambakisye wa Tukuyu, alikuwa na programu ya kompyuta ambayo hakuinunua. Wala hakuiiba. Ilitengenezwa na watu wa nchi nyingi, wengi wao hawajaonana uso kwa uso, nao waliitoa bure. Aliyeipata aliruhusiwa kuifungua, kuzisoma amri zake zote, kuongeza alichoona kimepungua, na kukirudisha kwa wenzake ili wote wafaidi. Kwa programu hiyo Ambakisye alisafisha picha za harusi na za ubatizo, akaondoa mikunjo ya picha za zamani, akawarudishia wazee nyuso zao za ujana. Ilikosa jambo moja tu. Haikujua kuchapa. Picha ilipendeza kwenye kioo, na kwenye kioo ikabaki.

Kazi ya kuchapa ilikuwa ya mkewe, Subilaga. Yeye alikuwa na kompyuta yake ya zamani, yenye programu nyingine, iliyounganishwa na printa. Mume na mke walifanya kazi wakipeana mgongo katika chumba kimoja kwa miaka kumi na mmoja. Kisha Subilaga akaugua wakati wa mvua, na mvua hazijakatika walikuwa wamekwisha kumzika. Kompyuta yake nayo haikuwaka tena; ikabaki printa.

Akaja Tusekile, dada mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alitaka picha ya mdogo wake, kubwa, ya kutundikwa siku ya ibada ya kumbukumbu, mwaka utakapotimia. Ambakisye akamwonyesha picha aliyompiga mkewe mwezi mmoja kabla hajalazwa. Tusekile aliinamia kioo akaitazama. Akiwa bado anaitazama, umeme ukakatika, na kioo kikawa cheusi.

"Unaona, shemeji," akasema. "Umeme ukikatika ninafiwa upya. Nipe wa karatasi."

Ambakisye angeweza kuipeleka picha Mbeya ikachapwa na watu wengine. Hakutaka. Alisema sura ya mke wake itatoka ndani ya nyumba yake. Alisema pia kwamba wako wafiwa wengi wenye programu hii hii, ambao Mbeya yao iko mbali zaidi. Basi akaamua kuifundisha programu kuchapa.

Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne tu. Aliisoma miongozo polepole, kamusi ikiwa pembeni, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Mwezi wa kwanza printa ilimtapikia karatasi ishirini za herufi zisizo na maana. Mwezi wa pili picha ilitoka, lakini ukubwa wake ulikuwa wa stempu, kwa sababu nukta zinazokijaza kioo ni chache mno kwa karatasi. Tusekile aliishika kwa ncha za vidole.

"Huyu tumtundike, shemeji, au tumbandike kwenye bahasha?"

Wakacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha Ambakisye akarudi kwenye kiti chake. Picha ilipokatwa kichwa na ukingo wa karatasi, alijifunza kupima ukingo. Alipoambiwa kwamba kila printa ina lugha yake, aliwaandikia wenzake wa nchi nyingine, nao wakazijaribu amri zake kwenye printa zao na kumpa majibu. Alikosea, akafuta, akaandika tena. Mwezi wa nane picha ilitoka nzima, kwa ukubwa wake, imekaa katikati ya karatasi.

Ila uso wa Subilaga ulikuwa na ukijani, kama jani la mgomba lililoanza kunyauka.

Ambakisye akasema moyoni, Hawa walioianza programu hii hawaijui ngozi yetu. Akaandika amri nyingine: kila picha iendayo kwenye karatasi iongezewe wekundu. Akachapa, akaona bado. Akaongeza tena. Aliongeza hadi uso wa mkewe ukawa kama ulivyokuwa siku ya harusi, una joto na umejaa. Akauweka mezani akaulilia. Kisha akaituma kazi yake yote kwenye ghala la wote la programu ile, pamoja na ile amri ya wekundu, na watu wa mahali pengi wakaichukua na kushukuru.

Haukupita mwezi, ikaja barua. Aliyeandika alikuwa Mkawasi, mama mwenye studio ndogo huko Voi, Kenya, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa picha za mazishi. Alisema amechapa picha ya mzee mmoja, na watoto wa mzee wamekataa kuipokea, kwani baba yao ametoka kama mtu aliyepakwa damu. Ambakisye alimjibu kwamba printa ya huyo mama ndiyo mbovu. Zikaja barua nyingine, tatu, kisha saba, kutoka kwa watu wasiojuana, na zote zilisema neno moja: wekundu umezidi. Akawajibu wote kwa ukali. Aliona kana kwamba wanautukana uso wa mke wake. Katika karatasi iliyokuwa mbele yake uso ule haukuwa na kosa. Atawezaje kuwa mwongo, naye anaona kwa macho yake?

Mkawasi hakukasirika. Aliandika tena, mstari mmoja.

"Pole kwa kazi, kaka. Hiyo printa yako wewe, ilisafishwa lini?"

Ambakisye alianza kuandika jibu, akaliacha njiani. Kusafisha printa ilikuwa kazi ya Subilaga. Kila Ijumaa alifunua kifuniko, akachovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu, akafuta vile vitundu vidogo vinavyotema wino, kimoja baada ya kingine. Ambakisye alikuwa akiongeza wino kwenye chupa za ubavuni. Kifuniko cha juu hakukigusa. Alijua kwamba chini yake kipo kitambaa alichokiacha mkewe Ijumaa ya mwisho, na alikuwa amepita mbele yake karibu mwaka mzima akitazama pengine.

Ikawa siku ya Ijumaa, na ibada ya kumbukumbu ni Jumapili. Wachapaji wa Mbeya walitaka siku nne kwa picha kubwa, na muda huo haukuwepo tena. Ambakisye aliona njia ya mkato. Angeweza kuwaondolea wenzake ile amri, na yeye akabaki na nakala yake yenye wekundu. Angechapa ile picha nzuri, Tusekile angefurahi, na hakuna ambaye angejua. Lakini akifungua printa na kuisafisha, na vitundu vya wino mwekundu, vilivyoanza kuziba kwa kukosa kufutwa, vikapasuka au vikazibika kabisa, Jumapili ingefika ukuta ukiwa mtupu, na Tusekile angekuwa ameibiwa mdogo wake mara ya pili.

Aliomba. Kisha akaifuta amri ya wekundu, katika kazi ya wote na katika nakala yake pia, akaandika chini yake maneno haya: Kosa lilikuwa kwenye printa yangu, wala si kwenye nyuso za watu wenu. Nisameheni. Akaituma kabla hajajua kama printa yake itapona.

Asubuhi ya Jumamosi alifunua kifuniko. Kitambaa kilikuwa pale pale, kimekakamaa kama ngozi kavu, na juu yake alama za vidole vitatu vya Subilaga, nyekundu, wazi kama muhuri. Ambakisye alitafuta kitambaa kingine nyumba nzima, akakosa kilicho laini namna ile, kisichoacha nyuzi. Akarudi. Akachemsha maji, akayaacha yapoe kidogo. Alikishika kitambaa kile mpaka maji yakakaribia kupoa kabisa, ikabidi ayapashe tena. Kisha akakitumbukiza. Maji yakawa mekundu, na alama za vidole zikaenda nayo.

Akafuta vitundu, kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akimwona mkewe akifanya. Akachapa karatasi ya majaribio, ile yenye mistari ya kila rangi. Mistari myekundu ilitoka imekatikakatika. Akafuta tena. Karatasi ya pili ikatoka bila wekundu hata kidogo, lakini mikono haikuacha. Ya tatu ikatoka na mistari michache. Adhana ya alasiri ilipokuwa ikisikika kutoka upande wa pili wa mji, ikatoka karatasi ya sita, na mistari yote ilikuwa mizima.

Ndipo akachapa picha ya Subilaga, bila kuongeza kitu. Uso uliotoka haukuwa na ukijani, wala haukuwa na wekundu wa harusi. Ulikuwa uso wa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mashavu yameingia kidogo, na chini ya macho pana kivuli. Ambakisye aliutazama akaogopa. Hakuwa amewahi kuuona uso huo, ingawa yeye ndiye aliyempiga picha.

Tusekile alikuja jioni akiwa na fremu. Aliichukua karatasi, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akasimama nayo.

"Ndiye," akasema. "Alikuwa ameshaanza kuugua, shemeji, nawe hukutaka kuona. Mimi niliona. Huyu ndiye niliyemlea."

Wakaitia kwenye fremu wao wawili, Tusekile akishika kioo na Ambakisye akipiga misumari midogo ya nyuma. Jumapili ilitundikwa. Na huko Voi, wiki hiyo hiyo, Mkawasi alichapa upya, na watoto wa yule mzee wakampokea baba yao.

Basi, ninyi ndugu mliozika, mnaowapimia wenzenu namna ya kulia na namna ya kuamini, niambieni: kipimo hicho mmekipokea kwa Mungu, au kimetoka mahali ambapo hamjathubutu kupafungua tangu mliporudi kutoka makaburini?