Nati ya Lori la Shekalaghe

Mimi ni fundi wa magari, lakini mikono yangu ni myembamba kiasi kwamba nyumbani kwetu vifuniko vya chupa hufunguliwa na mke wangu. Ndiyo maana Bwana Shekalaghe, tajiri mwenye kifua kama pipa, alipenda kunichokoza. Asubuhi moja nati ya gurudumu la lori lake kuukuu, iliyoshikwa na kutu, ilimtoa jasho ikakataa kulegea. Akaniita.

“Semkiwa, ukiilegeza, lori lako. Ukishindwa, nachukua spana zako zote.”

“Nitashindwa tu, mzee,” nikasema. “Nisitiri basi. Ikaze kidogo, ili nimwambie mke wangu kwamba ulinikazia wewe.”

Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaikaza. Nati ikalia kwii, ikasogea.

“Inatosha, mzee.”

Nikaishika spana, nikaning'inia kama shati kwenye kamba. Nati ikazunguka, nami nikaanguka chali.

“Nguvu hizo umezitoa wapi?” akauliza.

“Kwako. Kutu haijali unakaza au unalegeza, ukishaivunja, imevunjika. Sasa nisaidie kulisukuma lori langu hadi kwangu, mzee. Mikono yangu si unaiona.”