Karafuu ya Musabu

Kabla ya kisa, niungame langu. Mwaka juzi nilialikwa kutoa darsa huko Ujiji, baada ya sala ya alasiri. Nimezunguka misikiti mingi, kutoka Moroni hadi Maskati, na nilidhani vipaza sauti vyote vya dunia nimeshavizoea. Nikainama kumnong'oneza mwenyeji wangu: yule mzee wa safu ya mbele si ndiye yule mlevi? Kumbe kipaza sauti kilikuwa wazi. Swali langu likatoka juu ya mnara, likasikika mpaka sokoni kwa wauza dagaa. Mzee mwenyewe, ambaye alikuwa na mwaka wa sita hajagusa pombe, na ambaye siku hiyo alimpakata mjukuu wake, alitazama chini tu. Mjukuu ndiye aliyenitazama mimi. Nilikuwa nimeandaa mada juu ya adabu za ulimi. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni, nikasimulia hiki, kwa kuwa sikuwa na uso wa kusimulia kingine.

Wanasimulia watu wa Zabidi ya kale, huko Yemeni, kwamba mjini kwao alikuwako mshona matandiko ya punda akiitwa Musabu bin Ghailani. Mkono wake ulikuwa hodari na ulimi wake mtamu, lakini kileo kilikuwa kimemtawala. Kila atokapo kunywa hutafuna karafuu, kisha huingia nyumbani akitabasamu, akambusu mkewe Safiya na binti yao Lubaba, akiamini kwamba hawajajua. Nisimcheke sana. Mimi nilipokuwa nikivuta sigara kwa siri nilitafuna peremende, na mke wangu akawa ananiuliza leo nimevuta ngapi.

Safiya akashikwa na homa kali. Musabu akatumwa kwa tabibu. Alirudi siku ya pili, adhuhuri, akasema tabibu hakuwepo. Lubaba, mtoto wa miaka minne, alikuwa ameketi kando ya mama yake akimpepea. Akamwambia baba yake kwamba mama amelala. Musabu akainama, akambusu binti yake kwa mdomo unaonukia karafuu. Alipomgusa mkewe, akamkuta amekuwa baridi.

Tangu siku hiyo hakuonja tena. Alitubu kwa Mola wake, akafunga, akasali, akalia. Lakini mtoto alichukuliwa na bibi yake mzaa mama, Bi Atika, kama sheria inavyompa haki hiyo, na Musabu akawa anaishia mlangoni. Hali ilikuwa hivyo miaka mitatu. Ndipo Bi Atika akapooza upande mmoja, naye hakuwa amezaa mwingine zaidi ya yule Safiya. Musabu akaja kuomba amuuguze.

Mnaijua haya iliyopo baina ya mtu na mama mkwe wake. Sasa huyu aliomba kumwosha miguu mkwe aliyefiwa na mwanawe wa pekee ndani ya nyumba yake yeye Musabu. Bi Atika alimkubalia kwa sharti moja: kila asubuhi, kabla hajavuka kizingiti, apige magoti, na Lubaba amnuse mdomo. Mtoto akisema "pita", apite. Akinyamaza, arudi alikotoka.

Akapiga magoti kila asubuhi kwa miaka miwili. Alipika uji, akamlisha mkwe wake, akamgeuza kitandani, akafua nguo zake, na nywele za Lubaba akazisuka, vibaya. Majirani walipata la kucheka. Mmoja alizoea kumwuliza kama kadhi wake wa pua ameshamhukumu leo. Musabu alimjibu kwamba ndiyo, na hukumu za kadhi yule hazina rufaa.

Asubuhi moja jino lilimuuma mpaka shavu likavimba. Muuza viungo akampa karafuu aibane kwenye jino. Maumivu yakapungua, Musabu akaenda zake akishukuru, akapiga magoti mlangoni kama kawaida. Hakukumbuka kuitema karafuu. Lubaba akamnusa. Hakulia wala hakusema neno. Alirudi nyuma, akafunga mlango, akatia komeo.

Bi Atika yumo ndani, hajanywa hata maji, na mtoto wa miaka tisa hawezi kumwinua. Musabu akaita, akaita tena. Majirani wakakusanyika. Muuza viungo akaja mbio, akasema yuko tayari kuapa mbele ya yeyote kwamba karafuu ile ni ya jino. Shahidi yupo, na ushahidi wake ni wa kweli. Musabu angeushika huo tu, angeingia na kichwa chake juu. Akamwomba muuza viungo anyamaze. Akaitema karafuu, akaketi chini, akasema na mlango uliofungwa:

"Lubaba, hii ya leo ni ya jino. Ya siku ile ilikuwa ya pombe. Na tabibu alikuwepo, mwanangu. Alinipa dawa. Nikapita nayo kwa wenzangu, nikakaa huko mpaka kesho yake. Nilipokubusu, dawa ya mama yako ilikuwa kibindoni mwangu."

Yule jirani wa kadhi wa pua akaondoka zake kimya kimya. Wengine walibaki wakitazama ardhi. Kisha ikasikika sauti ya Bi Atika kutoka ndani, nzito, ya nusu mdomo:

"Mfungulie. Aliyelewa hasemi hilo."

Lubaba akafungua. Musabu akaingia, akamwinua mkwe wake, akamnywesha maji, kisha uji. Bi Atika hakumsemesha siku ile, wala mwezi ule. Lakini aliendelea kulishwa kwa mkono wa Musabu mpaka alipofariki, Mungu amrehemu.

Ndugu zangu, sisi wasimuliaji tunapenda watu wakumbatiane mwishoni. Hata hiki niliwahi kukimaliza hivyo, Lamu, watu wakalia, wakanipa halua. Niliila, Mungu anisamehe, lakini sivyo kisa kilivyopokewa. Haki ya Mola mja huirejesha kwa toba, na Mola ni Mwingi wa kupokea. Haki ya mja mwenzako iko kwa mja mwenzako, na huenda usipate msamaha wake. Utaamka kesho uwapikie, uwaoshe, uwalishe vilevile, bila kulewa na bila kusamehewa, maana mtoto huhitaji uji wake hata siku ambayo hakupendi.

Wanasema ndoa ya Lubaba ilipokaribia, Musabu alikuwa na mwaka wa kumi na tano hajagusa kileo, na kichwa chote kimejaa mvi. Alimfuata binti yake jikoni, akamwambia kwamba yeye ndiye walii wake, na anaona aibu kumwozesha kabla hajapata msamaha wake. Lubaba hakuacha kukoroga chungu.

"Mimi nilikufungulia mlango, baba," akasema. "Msamaha kamwombe mama."