Kiboko Aliyekuja Kuonja

Nawapa ngano!
(Tupe, tuipokee.)
Jiko liko?
(Liko.)
Moto uko?
(Uko.)
Na mwonjaji yuko?
(Huyo hakosi.)

Hakosi, na ndiye anayenikera. Sikilizeni.

Alikuwapo Bi Nguchiro, mjane, mdogo wa mwili, mwepesi wa mikono. Panya mmoja aliyeshuka melini kutoka nchi ya Wamalei alimfundisha kupika keki ya mvuke, ile ya matabaka tisa. Unga wa mchele, tui zito, sukari, jani la rampe kwa harufu. Unamimina tabaka la kwanza kwenye sinia juu ya sufuria ya maji, unafunika, unangoja liive. Unamimina la pili, unafunika, unangoja. Hivyo hivyo mpaka la tisa. Mfuniko unaufunga kitambaa, usije ukadondosha maji juu ya keki. Na ndani ya sufuria, kwenye maji, unatia kijiwe. Maji yakichemka, kijiwe kinacheza: kro-kro-kro. Kikinyamaza, ujue maji yamekwisha.

Kazi ya asubuhi nzima hiyo. Mgongo unauma, macho yanawasha kwa moshi. Keki ikiiva tu, hodi. Nani? Kiboko, jirani wa mtoni.

"Nimekuja kuonja tu, bibiye."

Akaonja sinia zima. Juma la pili, hodi. "Nimekuja kuonja tu." Sinia zima. Juma la tatu, vilevile, akalamba na kitambaa. Jamani, kuonja ni ncha ya kidole. Tangu lini kuonja kukawa sinia? Na hakuna aliyemwambia kitu, kwa kuwa ni mkubwa.

Juma la nne wakwe walikuwa wanakuja kutoka ng'ambo kumposa Mize, binti pekee wa Bi Nguchiro. Wakwe wale walikuwa na neno moja: nyumba isiyo na kitu cha kumpa mgeni, hawaoi. Keki ikiliwa, posa imekufa.

Basi Bi Nguchiro akapika alfajiri, akaificha keki chumbani. Kisha akainjika sufuria tena, maji na kijiwe, basi. Akafunika, akafunga kitambaa. Kro-kro-kro.

Hodi.

"Nimekuja kuonja tu, bibiye."

"Karibu, Bwana Mkubwa. Leo usionje. Leo sinia lote lako."

Kiboko akakaa chini, puu. "Lote?"

"Lote. Ila keki hii haitaki maneno. Waliotufundisha wanasema ikisikia mtu ananung'unika inanuna, matabaka hayashikani, inakuwa uji. Fumba mdomo, uchunge moto. Kijiwe kikinyamaza, fungua ule."

Kiboko akafumba mdomo. Akaushika kwa mikono miwili.

Kro-kro-kro.

Wakwe wakafika. Mkeka ukatandikwa, keki ikatolewa chumbani. Wakabandua tabaka la kwanza, wakala. Kiboko kule jikoni akawaona kupitia mlangoni.

"Mmm!"

"Huyo nani?" akauliza baba mkwe.

"Jirani yetu. Ananisaidia jikoni."

"Mbona hasemi?"

"Mpole."

Wakabandua la pili, wakala. "Mmm! Mmm!" Bi Nguchiro akainuka, akapenyeza mdomo wa birika pembeni ya mfuniko. Chwaa. Kro-kro-kro. Wakabandua la tatu. Chwaa. La nne. Chwaa. Kiboko machozi yanamtoka, mdomo kaufumba, kwa kuwa lake ni sinia zima na hakutaka liwe uji.

La tisa likaisha. Baba mkwe akafuta vidole.

"Mama, nyumba yako ina chakula, na jirani mwenye adabu namna hii sijapata kumwona. Mize tumemchukua."

Wakaenda zao. Bi Nguchiro akaweka birika chini. Kro-kro. Kro. Kimya.

Kiboko akafungua. Kijiwe. Akaachama, maneno ya siku nzima yakagombania kutoka, lisitoke hata moja. Mpaka leo mkimwona mtoni ameachama, ndiyo hayo anayatafuta. Mwishowe likaja moja.

"Umeniibia keki yangu."

"Uliipika lini?" akauliza Bi Nguchiro.

Kiboko akatoka, akapita kijiji kizima akisema yule mjane ni mchoyo. Na wapo waliomwamini! Wakamtikisia kichwa, wakasema maskini Kiboko. Hao ndio wanaonichoma roho kuliko yeye.

Haya, fundisho. Watoto wangu, uchoyo ni mbaya sana. Mtu mkubwa akija jikoni kuonja, mkaribisheni kwa heshima, mpeni kiti, mwambieni lote lake. Kisha ongezeni maji.

Ngano nimeitua hapa. Aliyeshiba ainuke.
(Na mwonjaji?)
Mwacheni achunge moto.