Miguu ya Nani Ioshwe?

Sogeeni. Mwenye hasira asiiache mlangoni, aingie nayo, maana hadithi hii inaihitaji. Mwishoni nitawauliza swali, na sitaki majibu ya adabu.

Katika mji mmoja wa reli aliishi mhunzi wa Kihindu aitwaye Gordhan. Alifua majembe, bawaba na mageti, na mji mzima ulimjua kwa mambo mawili: mkono usiokosea na hasira isiyoshikika. Mteja akilalamika kwamba bawaba inalia, Gordhan aliing'oa palepale akaondoka nayo. Mkewe, Mukta, alijifunza kuusikiliza mlio wa nyundo. Ukienda mbio, alikaa mbali.

Kwa Wahindu, mtu haendi peke yake katika njia ya Mungu. Humtafuta guru, mwalimu wa roho, amshike mkono. Gordhan, kwa ugumu wa moyo wake, alihitaji watatu.

Wa kwanza alikuwa Swami Nirmalanand, mtawa wa joho la rangi ya chungwa, aliyepita mjini mara moja kwa mwaka. Kipawa chake kilikuwa neno. Alimnong'oneza Gordhan neno takatifu sikioni, akamwagiza alitaje kwa kila pumzi, awe anafua au anakula, mpaka lizoee kujitaja lenyewe. "Maana yake usiniulize," alisema. "Wewe litaje." Gordhan alilitaja miaka kumi na minne.

Wa pili alikuwa Pandit Dayashankar, kuhani wa hekalu, na kipawa chake kilikuwa swali. Kila Jumapili alimfungulia maandiko, kisha akambana.

"Jana ulimpiga fundi mwenzako. Ulikuwa wajibu au ilikuwa hasira?"

"Wajibu, Panditji. Alinitukana."

"Basi mbona mkono bado unatetemeka?"

Wa tatu hakuwa na cheo chochote. Aliitwa Jamnaba, yaani Mama Jamna, mjane aliyepanga viatu vya waumini katika baraza la hekalu. Kipawa chake kilikuwa kukaa. Siku moja Gordhan alikosa kiatu chake kimoja, akamfokea bibi huyo mbele za watu.

"Kaa chini," Jamnaba akamwambia.

"Sina nafasi ya kukaa!"

"Kaa, nimesema. Unifokee ukiwa umekaa."

Gordhan akakaa, akafungua kinywa, na matusi yakakataa kutoka. Tangu siku hiyo hakuingia hekaluni kabla ya kukaa kando ya bibi yule saa nzima, kimya, mpaka miguu ife ganzi.

Gordhan na Mukta walikuwa na mtoto mmoja tu, Urmila, wa miaka kumi na saba. Alifunga sabuni kwenye karatasi katika kiwanda cha mtu aitwaye Vrajlal. Asubuhi moja pipa la mafuta likashika moto. Wasichana wakakimbilia mlango wa nyuma, wakaukuta umefungwa kwa kufuli. Tisa walitokea dirishani. Urmila ndiye aliyewapandisha, mmoja baada ya mwingine. Ilipofika zamu yake, hapakuwa na wa kumpandisha.

Mahakamani Vrajlal aliapa kwamba mlango ulikuwa wazi. Kufuli halikupatikana. Wale wasichana tisa wakaambiwa kwamba moshi uliwachanganya akili. Ikaandikwa: ajali.

Siku ilipotolewa hukumu hiyo, Mukta alikwenda kwenye karakana akaikokota nyundo kubwa kwa mikono miwili mpaka miguuni pa mumewe.

"Nenda," alisema. "Ningeweza kuiinua, ningekwenda mwenyewe."

Adhuhuri ile Vrajlal alifungua mlango wa nyumba yake huku bado anatafuna. Gordhan akainua nyundo.

Hapo sasa, sikilizeni vizuri.

Mkono ulipofika juu, neno la Swami likajitaja. Gordhan hakuliita. Lilitoka na pumzi kama lilivyotoka miaka kumi na minne, na mkono, uliozoea kufua kwa mwendo wa neno lile, ukalingoja liishe. Nyundo ikasimama hewani. Bila neno lile, Vrajlal angekuwa maiti kabla hajameza tonge lake.

Lakini pumzi ni fupi. Ilipokwisha, mkono ukajikaza tena, na ndipo likamjia swali la Pandit: wajibu au hasira?

"Wajibu!" Gordhan alipiga kelele palepale mlangoni, na Vrajlal asijue anajibiwa nani. Kisha Gordhan akautazama mkono wake. Ulikuwa unatetemeka. Akaitupa nyundo mtaroni. Bila swali lile, angemaliza alichoanza, tena akijiita mwenye haki.

Lakini je, kuitupa nyundo kulimaliza nini? Vrajlal alikuwa ameshaanza kufunga mlango. Gordhan angerudi nyumbani na hasira yake, ingewala yeye na mkewe, na uongo ungeendelea kuitwa ajali. Hapo mwili wake ukafanya ulichofundishwa na Jamnaba. Akakaa chini, kizingitini pa Vrajlal.

Polisi walimwondoa, akarudi. Walimwondoa tena, akarudi tena. Hakula. Hakusema na mtu. Siku ya nne wale wasichana tisa wakaja wakakaa nyuma yake, na polisi wakaacha kuja. Siku ya saba Vrajlal alipiga kelele dirishani: "Unataka nini? Sema unachotaka!" Gordhan hakugeuza hata shingo. Siku ya tisa mlango ulifunguliwa. Vrajlal alitoka, ndevu zimemwota ovyo, akaweka chini kufuli lililopiga weusi kwa moshi.

"Nilifunga mimi," alisema, mtaa mzima ukimsikia. "Sikutaka watoke kabla ya saa. Nikaliondoa kabla polisi hawajafika."

Akaenda kituoni kwa miguu yake, na sasa anatumikia kifungo.

Ukafika mwezi mpevu wa Julai, siku ya Wahindu kuwaheshimu walimu wao. Katika hekalu lile kiti cha guru kilikuwa kimoja, na desturi yao ilikuwa moja: mwanafunzi huosha miguu ya mwalimu mmoja mbele za watu, na huyo ndiye atakayeitwa guru wake mpaka kufa.

Swami alikuwa ameshafika kwenye kiti. Pandit akakishika mgongo.

"Nani alikizuia kifo?" Swami alifoka. "Neno langu!"

"Ukakizuia kwa pumzi moja, Swamiji. Pumzi ya pili nani aliizuia?"

Kule mlangoni Jamnaba aliacha viatu, akainuka. "Na mimi nataka."

"Wewe?" wote wawili wakasema.

"Mimi, mpanga viatu. Nyinyi mlimzuia asitende. Mimi nilimfundisha jambo la kutenda. Miaka kumi na tisa nimeinama mbele ya miguu ya mji huu, na leo nataka mtu ainame mbele ya yangu. Mnashangaa nini?"

Wakaanza kupiga kelele wote watatu, walimu wa subira, mpaka kengele ya sala isisikike. Ndipo Mukta, aliyeshika bakuli la maji, akawapazia sauti.

"Aibu hamna! Mnagombea kifo cha mwanangu kama nguo za mnada! Nani kati yenu alimfundisha kusamehe? Mpaka leo anasaga meno. Mpaka leo mimi ninajuta kwamba ile nyundo haikushuka!"

Gordhan akasema, "Mama Urmila, kusamehe sijasamehe, na sitasema uongo hekaluni. Lakini sikuua, na jina la binti yetu halijafukiwa na uongo. Kuna mtu wa kushukuriwa kwa hilo."

"Nani, basi?" Mukta alimsogelea na bakuli. "Nionyeshe miguu. Kama huijui, maji haya nayamwaga mchangani na tunakwenda zetu."

Gordhan alitazama kiti, akatazama nyuso tatu zilizovimba kwa hasira, akamtazama mkewe. Akanyosha mkono kuelekea kiti, akaurudisha.

Nami sina jibu. Msiniambie wote watatu, kwa maana kiti ni kimoja. Msiniambie tumwulize Mungu. Mukta amesimama, bakuli ni zito, na mikono yake inachoka. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele, mwambie: amwage wapi?