Kibao cha Mlangoni

Fundi seremala, mgeni kabisa, aliingia ofisini bila hodi, akakunjua futi na kuanza kupima stoo ya nyuma ya ngazi. Karani wa malalamiko alishtuka kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Kaka, umetumwa na nani?"

"Bosi wenu, dada. Anataka kabati la vikombe vyake vya gofu."

Stoo hiyo karani alikuwa amemwahidi mpokea simu, aliyekuwa akirudi asubuhi hiyo kutoka likizo ya uzazi. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mwenzake huyo alikuwa akikamulia maziwa chooni, mguu umezuia mlango. "Shoga, chooni sirudi. Bora niache kazi," aliapa. Karani alimjibu, "Utapata chumba. Niachie mimi."

Katika ofisi ile, utu ulipimwa kwa mlango. Wasio na mlango walirundikana ukumbini, mahali palipobatizwa Stendi, na hata chai iliwafikia imepoa. Karani alisota Stendi miaka na mikaka. Ni juzi tu alipopandishwa cheo akapewa chumba, ufunguo na kibao cha mlangoni. Mama yake mzazi alikuja kukipiga picha kibao hicho, akakifuta kwa upindo wa khanga.

Karani akamwendea bosi.

"Maziwa ni mambo ya nyumbani," bosi alisema bila kuinua macho.

"Basi atatumia chumba changu."

"Chumba ndicho cheo. Ukikiacha, umekiacha na cheo. Usije kunililia."

"Silii, mzee."

Akatoka, akamwomba fundi bisibisi, akakifungua kibao kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaisukuma meza yake hadi ukumbini, miguu ya meza ikipiga kelele sakafuni.

"Mkuu karudi Stendi!" tarishi alimtania. "Nauli unayo?"

"Ninayo. Sogeeni!"

Vicheko vilikatika mpokea simu alipoingia, mfuko wa chupa begani, macho yakiitafuta stoo. Karani alimtia ufunguo kiganjani.

"Si chumba chako hiki?"

"Kilikuwa. Ingia, ujifungie."

Bosi alisimama kizingitini pake, akitazama. Karani hakuinamisha uso. Alikaa wima kama mkuki, kibao kikiwa mapajani, akasikiliza ufunguo ukizungushwa kwa ndani na shoga yake akishusha pumzi. Picha aliyoipiga mama yake ilikuwa imekwisha maana, lakini ahadi ilikuwa imetimia. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.