Kitambaa cha Njano Kwenye Mkonge

Wapendwa, leo nina mtu mmoja wa kuwaonyesha. Msimtafute mtaani, maana nimemtunga mwenyewe. Lakini nikimaliza, huenda baadhi yenu mkagundua kwamba mmeketi naye benchi moja.

Mtu huyu ni fundi wa majokofu. Siku tano kwa wiki anatengeneza majokofu ya watu, na kazi hiyo anaiweza. Ila moyo wake hauko kwenye majokofu. Nyuma ya nyumba yake ana mizinga mitano ya nyuki. Ana pangaboi kubwa alilolitengeneza kwa magurudumu ya baiskeli ili upepo umpandishie maji ya kisima. Linazunguka vizuri, maji hayapandi. Ana hema na kamba za kupandia mlima. Na kuliko vyote hivyo, ana pikipiki. Si ya kubebea abiria. Ni nyembamba, imeinuka juu, haina taa wala nafasi ya mtu wa pili, na matairi yake yana meno makubwa ya kung'ata udongo.

Mtu mzima mwenye mvi, pikipiki ya namna hiyo ya nini? Hata mimi niliyemtunga nilijiuliza.

Mara tatu kwa mwaka, Juni, Septemba na Desemba, watu kama yeye hukutana kwenye shamba la mkonge lililoachwa. Ni watu wa kawaida tu: mwalimu, muuza vipuri, nesi mmoja anayewaacha nyuma wanaume wengi. Huzunguka shamba lile mara nne, kilomita saba kila mzunguko. Barabara hakuna. Kuna mawe, mashina, na mitaro ya saruji ya enzi za shamba ambayo nyasi zimeifunika. Mshindi hupewa kikombe cha bati. Asiyeshinda hupewa pilau, na mshindi naye hupewa pilau hiyo hiyo.

Wana desturi yao moja, na ndiyo iliyonifanya niwaletee habari hii. Siku moja kabla ya mbio, mwendeshaji hubaki na pikipiki yake ikikaguliwa. Mtu mmoja wa nyumbani kwake ndiye anayeitembea njia yote kwa miguu, akiwa na vitambaa. Kila nyumba ina rangi yake. Anapoona panafaa, anafunga kitambaa, na kesho yake mwendeshaji akikiona anajua kwamba mtu wake alipita pale akamfikiria.

Fundi wetu alikuwa akitembelewa njia na mkewe. Miaka tisa. Mama yule alichana kitenge chake cha njano vipande vipande, akavaa viatu vya shambani, akaenda. Jioni alirudi amechoka, miguu imejaa mikwaruzo ya mkonge.

"Nimefunga kumi na vinne," alikuwa akisema.

"Kumi na vinne! Pabaya ni pengi kiasi hicho?"

"Wewe ukikiona kitambaa, kitazame. Mengine niachie mimi."

"Sawa, kamanda."

Wakacheka, wakala. Miaka tisa mazungumzo yalikuwa hayo hayo, na mume hakuwahi kuuliza zaidi. Kombe hakulipata, mara moja tu alikuwa wa tatu. Lakini hakuanguka hata siku moja. Wenzake, ambao kila mmoja alikuwa na mfupa uliowahi kuvunjika, walimwita Gundi.

Desemba ya mwisho mama aliitembea njia akiwa mgonjwa. Alikwenda kidogo, akakaa juu ya jiwe, akaendelea. Kwa kawaida mbio zikiisha alirudi kukusanya vitambaa vyake. Safari ile hakuwa na nguvu, vikabaki porini. Machi walimzika.

Baada ya hapo mizinga ilikosa mtu wa kuiangalia, na nyuki wakahama. Pangaboi lilikatika bawa moja, akaliacha hivyo. Majirani walidhani pikipiki nayo itauzwa. Binti yake, mtu mzima mwenye watoto wake, alipomuuliza, alijibu hivi: "Hii niachie. Nikiwa juu yake najisikia kama mama yako yuko kule mbele njiani, amenitangulia kidogo."

Binti akasema, "Basi nitaitembea mimi. Nifunge wapi?"

"Penye hatari," baba alisema. "Mama yako alikuwa anafunga penye hatari."

Binti yule alimpenda baba yake, na ni mtu makini. Alinunua kitambaa chekundu, kwa kuwa nyekundu ndiyo rangi ya hatari. Hakuacha jiwe, hakuacha shina, hakuacha mtaro. Juni alifunga thelathini na kimoja. Kesho yake, mzunguko wa pili, baba aliingia mtaroni akatoka na magoti yasiyo na ngozi.

Septemba binti aliongeza vitambaa, vikawa arobaini. Baba aligonga shina akavunjika mbavu mbili.

"Gundi imekauka," muuza vipuri alisema walipokuwa wanambeba, naye fundi akacheka kidogo kidogo, mbavu zisimuume zaidi. Lakini binti hakucheka. Hospitali, alipomletea baba uji, ndipo aliposema.

"Baba, mama tumemzika Machi. Mimi siwezi kuzika wazazi wawili ndani ya mwaka mmoja. Desemba ukianguka tena, pikipiki naiuza, na usinizuie."

"Sitakuzuia."

"Sema tena."

"Sitakuzuia, mama."

Hapo mnaona kilichokuwa hatarini. Pikipiki ilikuwa chuma tu. Kilichotaka kuuzwa ni mahali pa mwisho ambapo mtu huyu bado alikuwa anakutana na mkewe.

Sasa ngojeni kidogo, tulitazame jambo hili bila haraka. Vitambaa kumi na vinne, haanguki. Thelathini na kimoja, anaanguka. Arobaini, anavunjika mbavu. Na nisikilizeni vizuri: mara zote mbili alianguka pale pale penye kitambaa chekundu, si hatua moja kabla wala moja baada. Kwa nini? Uzee? Alikuwa na umri ule ule Desemba, ukiondoa miezi sita. Huzuni? Marafiki zake walisema ni huzuni, na mtu aliyefiwa akishaambiwa hivyo huwa habishi. Lakini huzuni ingewezaje kuchagua mahali kwa usahihi namna ile?

Novemba, mbavu zilipounga, alimwomba binti waende shambani pamoja. Alitaka kuiona njia kwa miguu yake. Walitembea karibu nusu saa. Ndipo alipokiona, kwenye mlingoti wa mkonge, kitambaa kilichopauka kwa jua na mvua. Ukikikunjua ndani ya fundo, bado kilikuwa cha njano.

"Hiki ni cha mama yako."

"Nilikiona tangu Juni," binti alisema. "Nikajua kimepeperushwa na upepo. Si unaona hapa hapana kitu, baba?"

Kweli hapakuwa na kitu. Ardhi ilikuwa tambarare na ngumu. Mtaro ulikuwa hatua tano upande wa kushoto, na juu yake kitambaa chekundu cha binti kilikuwa bado kinacheza. Baba alikishika kile cha njano. Kilikuwa kimefungwa mafundo mawili, moja juu ya jingine, kama mkewe alivyofunga mifuko ya unga.

"Upepo haukufunga hili," alisema.

Wakatafuta cha pili. Kilikuwa mahali pasipo na kitu. Cha tatu, mahali pasipo na kitu.

"Labda alichanganya," binti alisema taratibu. "Alikuwa mgonjwa, baba."

Baba alirudi nyuma kama hatua thelathini, akainama kidogo hadi kimo cha mtu aliye juu ya pikipiki, akatazama chekundu. Akatazama cha njano. Akatazama chekundu tena. Kisha akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri.

Ndugu zangu waendesha bodaboda mlioketi pale nyuma, ninyi mmeshaelewa, nawaona mnatabasamu. Siku ya kwanza unajifunza, aliyekufundisha alikwambia nini? Usilitazame shimo. Ukilitazama ili ulikwepe, mikono inafuata macho, na tairi linafuata mikono, na unaingia. Fundi wetu alikuwa analijua hilo, kama mnavyolijua. Asichokijua ni kwamba mkewe naye alilijua. Miaka tisa mama yule hakufunga kitambaa kwenye shimo hata mara moja. Alitembea kilomita saba akitafuta upana wa shubiri mbili tatu ambapo tairi la mume wake lingeweza kupita, na hapo ndipo alipofunga.

"Kosa si lako," baba alimwambia binti. "Mimi ndiye niliyekuelekeza vibaya."

"Miaka yote hiyo, hukumuuliza?"

"Nilidhani najua."

Desemba binti alitoa vitambaa vyekundu vyote. Alitembea polepole kuliko mara zote mbili, kwa sababu kuona shimo ni rahisi, na kuona pa kupita kunataka macho mengine. Alifunga kumi na vitano, vya njano. Siku ya mbio alisimama mwisho wa njia, mikono kichwani, akihesabu mizunguko. Wa kwanza alipita nesi. Baba yake alikuwa wa kumi na mbili kati ya ishirini na watatu. Amejaa vumbi, amekaa juu ya pikipiki yake.

"Ile mitaro ulikuwa unaiona?" binti alimuuliza.

Baba alivua kofia yake ngumu, akafikiri kwa dhati.

"Mitaro ipi?"

Wapendwa, sisi tunafunga wapi?

Nimeyapitia mahubiri yangu ya miaka kadhaa, na nimekuta vitambaa vyekundu vingi sana. Tuna vijana humu ndani ambao wanajua kila njia ya kupotea, tumewaonyesha zote kwa majina. Mzazi, mwanao akiondoka nyumbani unamwambia usifanye hiki, usiende kule, usiwe kama fulani. Thelathini na kimoja. Akianguka unaongeza vinafika arobaini. Tunafanya hivyo kwa upendo, kama yule binti. Lakini ni lini mara ya mwisho ulimshika mkono ukamwonyesha upana mdogo ambapo mtu kama yeye anaweza kupita, ukafunga hapo mafundo mawili?

Wapo pia kati yetu waliozika mwaka huu. Nawajua, nanyi mnanijua. Sisi kitambaa chetu chekundu tumejifungia wenyewe, na tunakijua kilipo. Tunaamka tunakitazama, tunalala tunakitazama, kisha tunashangaa kwamba kila siku tunaangukia mahali pale pale. Siwaambii mtaro haupo. Ule wa shambani haukufukiwa, uko vile vile hadi sasa. Ninalowaambia ni kwamba aliyetupenda alikuwa na muda wa kuitembea njia kabla hajaondoka, na hakupoteza muda huo kutuwekea alama za maumivu. Kuna mahali alifunga. Hapo ndipo pa kutazama.

Na wewe ambaye anayekutembelea njia bado yu hai, nakuomba jambo moja tu. Ukifika nyumbani mchana huu utamkuta jikoni, au kibarazani, au kitandani anapumzika. Muulize: unanifungia wapi? Kisha tulia usikilize jibu lote. Usingoje Novemba.